Nafasi Ilijaa Nikiwa Eda

Kama picha zako zinafunguka kwenye simu ya mtu mwingine, hata kama mtu huyo mmenyonya ziwa moja, nakuomba acha unachofanya usome hii. Mimi shule nimeishia la saba. Siandiki kwa kujua sana, naandika kwa sababu nimeumia, na sitaki mama mwingine aumie kwa njia hii hii wakati ningeweza kusema.

Mume wangu Shomari alikuwa dereva wa lori, akisomba tumbaku kutoka Urambo na Ulyankulu. Simu zetu zilikuwa mbili, yake na yangu, lakini akaunti ya kuhifadhia picha ilikuwa moja na aliifungua yeye. Ukipiga picha, bando likiwepo, inapanda yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Yeye alikuwa anasema juu. "Ishapanda juu, Mama Tatu. Sasa ifute kwenye simu, simu ipumue." Nami nafuta. Nafasi ya bure ilituishia zamani, akawa analipia kila mwezi kutoka kwenye laini yake. Simu yangu ilikuwa nyepesi, haina kitu ndani, na sikuwa na wasiwasi, maana nikigusa albamu namwona Tatu ametolewa nje siku ya saba, namwona anaota jino, namwona amelala kifuani kwa baba yake.

Kwenye status hatukuweka. Shomari hakutaka kabisa mtoto wake arushwe huko, aliogopa macho ya watu. Hata ndugu hakuwatumia. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa juu, na juu peke yake.

Kuna video moja niliipenda kuliko zote. Tulikwenda naye Ulyankulu siku hiyo, mimi na Tatu tumekaa mbele kwenye lori. Pale njiani kuna warina asali wanafahamiana naye, wakampa kipande cha sega. Akamkalisha Tatu kwenye ngazi ya lori, akachovya kidole, akamwambia, "Onja, mama. Onja." Tatu akakunja uso kama amepewa dawa, halafu akalamba, halafu akakishika kile kidole hataki kukiachia. Shomari anacheka. "Ukikua utaniletea asali na mimi?" Tatu anajibu, "Ndiyo, baba." Na mimi ninayepiga nasikika nacheka mpaka simu inatikisika.

Miezi michache baadaye lori likapinduka. Simu yake ilipondeka naye. Tatu alikuwa na miaka mitatu.

Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane anakaa ndani, amevaa nyeupe, hatoki, haonani na wanaume wasio maharimu zake. Haya wengi wenu mnayajua. Lakini shangazi wa marehemu, aliyekuja kusimamia msiba, akaongeza lake.

"Hiyo simu nayo mpe mdogo wako," alisema.

"Simu, shangazi?"

"Simu. Ina wanaume humo ndani. Saa yoyote anaita mmoja, anakwambia pole na sauti yake nzito. Eda gani hiyo?"

Siku ile ndiyo siku pekee niliyocheka katika msiba wangu. Nikampa Mwanajuma simu, na namba ya siri nikamtajia. Mwanajuma ni mdogo wangu wa kufuatana. Mama yetu alipofariki mimi ndiye niliyemlea, nikamsuka, nikampeleka shule, kafika kidato cha nne mimi nikiuza vitumbua ili afike. Alihamia kwangu hapa Isevya anipikie, apokee simu za pole, amwangalie Tatu. Alikuwa na biashara yake ndogo ya asali, ananunua kwenye madumu kutoka vijijini, anachuja, anatia kwenye chupa, anatangaza kwenye simu. Sikuona ubaya. Nilimwona mtu aliyenibeba.

Nikiwa ndani nilimwomba mara kadhaa kupitia pazia, "Mwanajuma, hebu nionyeshe ile ya asali, nimsikie kidogo."

"Dada, utajitonesha kidonda. Ngoja utoke."

Nikasema mtoto huyu ananionea huruma. Nikamwombea dua.

Siku ya kutoka eda nikaoga, nikavalishwa nguo mpya, watu wakala, wakaondoka. Mwanajuma akanirudishia simu. Nikakaa kitandani, nikampakata Tatu, nikafungua albamu.

Asali. Chupa za asali juu ya meza yangu. Chupa juu ya kitambaa changu cha harusi. Chupa uani, chupa dirishani, mkono wa Mwanajuma umeshika kijiko asali inadondoka. Nikatelezesha kidole mpaka kikachoka. Picha zetu zilibaki chache, zile ndogo ndogo. Video za Shomari haikubaki hata moja.

Nikamwita. Akaja anafuta mikono.

"Dada, nilikuwa natafuta namna ya kukwambia. Laini ya shemeji si ilifungwa? Malipo yakakatika, nafasi ikajaa. Mtandao ukaanza kufuta wenyewe. Unaanza na za zamani."

"Unafuta bila kuuliza?"

"Unamuuliza nani, dada, na mwenyewe kafa?"

Nilimwamini. Sikuwa na sababu ya kutomwamini, na mambo ya mtandao yeye ndiye anayeyajua. Nikalia kimyakimya, nikajilaumu kwamba nilikumbuka sanda, nikakumbuka khitma, sikukumbuka malipo ya picha.

Kilichokuwa kinanikosesha raha ni Tatu. Alianza kumsahau baba yake. Sura alikuwa nayo kidogo kwa zile picha chache, lakini sauti ilimtoka. Kila sauti nene aliyoisikia aliniuliza. Muuza mkaa akipita, "Mama, baba alikuwa anaongea hivyo?" Mwadhini akiadhini, "Mama, hivyo?" Namwambia hapana, ya baba ilikuwa inakwaruza kidogo, ya mtu anayeongea kushinda injini. Najaribu kumwigizia. Mwanamke unamwigizaje mwanamume, mtoto ananitazama tu.

Kikohozi kikamshika, nikampeleka hospitali ya Kitete. Tumekaa kwenye benchi tunasubiri kuitwa, pembeni yangu kuna mama mmoja wa Nzega, tumesalimiana, kaniambia anaitwa Bertila. Anapitia simu yake. Ghafla nikasikia:

"Onja, mama. Onja."

Nilisimama, sijui nilitaka kwenda wapi. Nikakaa tena.

"Dada yangu, una nini?" Bertila akaniuliza.

"Rudisha hiyo. Rudisha hapo nyuma."

Akarudisha. Ni Shomari. Ndevu zake, kofia yake, kidole chake kina asali. "Onja, mama. Onja." Anacheka. Tatu hayumo, amekatwa, limebaki bega dogo tu upande wa chini. Mimi sisikiki. Kifuani kwa Shomari pameandikwa bei ya lita kwa rangi nyekundu, na chini yake namba ya simu. Halafu sauti ya Mwanajuma, tamu kama ya mtangazaji wa redio: "Asali mbichi ya Tabora, haijachanganywa na sukari. Tunatuma mikoa yote. Piga sasa." Na namba anaitaja taratibu, tarakimu moja moja.

"Ana asali nzuri huyu binti, wa hapa hapa mjini," Bertila akasema. "Na huyo baba nadhani ndiye mrina asali wake. Mcheshi kweli. Nikutumie namba?"

"Nitumie video."

"Unataka kununua?"

"Nataka."

Tatu alikuwa ameegemea paja langu. Aliitazama ile simu, akanitazama mimi. "Mama," akaniuliza, "huyo anayesema onja ni nani?"

Nilimkuta Mwanajuma uani, amefunga kitambaa kwenye mdomo wa ndoo, anachuja. Sikumsalimu.

"Mwanajuma, siku hizi mtandao unajua kukata video?"

"Video gani?"

Nikaiwasha. Aliisikiliza yote, mpaka sauti yake mwenyewe ikamalizia namba. Asali ikawa inamwagikia pembeni ya ndoo, haioni.

"Dada, usianze."

"Nianze nini? Ndiyo kwanza nataka kuelewa."

"Nafasi ilijaa. Hilo sikukudanganya. Malipo yalikatika kweli, video zangu nilizopiga kwa simu yako zikawa zinakataa kupanda. Nikapanga vitu kwa ukubwa. Vizito vikaja juu. Nikafuta vizito."

"Vizito ndiyo Shomari."

"Ndiyo video zake, dada, si yeye. Yeye kaondoka."

"Na hii?"

"Hii niliikata kwanza kabla sijafuta. Ilikuwa nzuri. Anaongea vizuri, watu wanaipenda." Akainua uso. "Na usinitazame hivyo. Ulipokuwa umekaa ndani na nguo zako nyeupe, unga uliletwa na nani? Uji wa Tatu ulitoka wapi? Ulitoka humu ndooni. Uliula na wewe."

"Niliula, sikatai. Na nilikuombea dua juu yake. Lakini Mwanajuma, nilikuwa chumba cha pili. Kati yetu palikuwa na pazia. Ungelivuta, ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Ndiyo maana sikuuliza."

Alivyolisema utadhani ni jambo la kawaida, kama mtu anaeleza kwa nini kanunua kitunguu kwa huyu na si kwa yule. Nikamwambia basi turudishe. Nilishasikia watu wanarudisha vitu vilivyofutwa. Akatikisa kichwa.

"Ukifuta vinaingia kwenye kapu la taka, vinakaa kama miezi miwili. Baada ya hapo ndiyo vinapotea moja kwa moja."

Nikahesabu kichwani. Sikuhitaji kuhesabu sana.

"Ulifuta lini?"

Akaanza kufungua kitambaa cha ndoo.

"Mwanajuma. Nilikuwa nimekaa eda muda gani?"

"Wiki ya tatu, ya nne. Sikumbuki."

"Kwa hiyo nilipokuomba unionyeshe, zilikuwa kwenye kapu."

"Zilikuwepo."

"Zilikuwa zinaweza kurudi."

"Zilikuwa zinaweza."

Miezi miwili, mama mwenzangu. Miezi miwili mume wangu yuko kwenye kapu la taka, kidole kimoja tu kingemrudisha, na mimi niko nyuma ya pazia namsomea Yasini. Na mdogo wangu ananiambia nisijitoneshe kidonda. Kufuta ningeweza siku moja kumsamehe, angesema alibanwa. Lakini ule upole wake wa mlangoni, mpaka leo siwezi kuusamehe.

Nikamwomba kitu kimoja. Anipe kile kipande kabla hajaweka maandishi na sauti yake. Kifupi vile vile, lakini kitupu.

"Nilipomaliza kuunganisha nilikifuta," akasema. "Kilikuwa kinakula nafasi."

Mwanajuma alihama wiki ile. Tukikutana sokoni tunasalimiana, shikamoo dada, marahaba, basi. Shangazi ananiambia nisimnunie ndugu wa damu kwa ajili ya picha, kwamba wazee wetu walikufa bila picha na hatukupungukiwa. Simbishii. Yeye sauti ya Shomari anayo, alimlea tangu anatambaa. Tatu hana.

Sasa ninachowaambia. Fungua akaunti yako mwenyewe, kwa jina lako na namba yako, na neno la siri ulijue wewe, si fundi wa simu, si mtoto wa jirani, si mdogo wako. Ukipatwa na msiba ukaambiwa uitoe simu, itoe, desturi ni desturi, lakini kwanza hamisha vitu vyako, au ifunge umpe mtu laini tu apokee hizo pole. Anayelipia nafasi akifa, jua siku hiyo hiyo nafasi inaanza kuhesabiwa. Na ile unayoipenda kuliko zote usiiweke mahali pamoja. Tia kwenye kadi, mtumie hata mtu mmoja unayemwamini. Nimeandika unayemwamini, nikakaa nikalitazama hilo neno muda mrefu, lakini sina jingine, basi mtumie wawili.

Mimi nimeshafungua yangu. Kitu cha kwanza kupanda juu ni tangazo la asali. Nililipandisha nikiwa nalia, maana hakuna pengine duniani Shomari anaposikika, na Mwanajuma amebadilisha matangazo, kaweka jipya lenye muziki. Ningechelewa kidogo tu, hata hilo ningelikosa.

Jioni Tatu huniomba, "Mama, niwekee baba." Namwekea. Anasogeza sikio karibu. "Onja, mama. Onja," Shomari anasema, na Tatu anakunja uso na kulamba midomo, kama anakumbuka, au kama ananiiga mimi nilivyomsimulia. Siku hizi muuza mkaa akipita haniulizi tena. Sauti ameishika. Anaiigiza, anaikwaruza vizuri kuliko mimi.

Ila hawezi kuikatiza pale baba yake anapoishia. Kaisikia ikiwa nzima hivyo, na kwake ni kitu kimoja. Anasema onja, mama, onja, anacheka kama Shomari, halafu bila kupumua anaendelea na sauti ya mama yake mdogo, asali mbichi ya Tabora, haijachanganywa na sukari, piga sasa, na namba yote mpaka tarakimu ya mwisho.