Mnyama Anywaye kwa Miguu

Kila mafundi wa karakana ya Quimbell walipokaa kula, Philena aliwategea kitendawili kilekile: "Nina mnyama wangu, hanywi kwa mdomo, hunywa kwa miguu." Nao walimjibu midomo imejaa mkate: gurudumu la mbao! Likikauka hulegea, ukilitia mtoni hunywa likakazika. Kwa elimu hiyo ukoo wa mumewe, Ansel, ulijenga mikokoteni ya farasi tangu babu, na mji mzima wa Wexbury ukabebwa nayo.

Lakini mwaka huo wa 1912 Ansel hakutaka kusikia habari za mikokoteni. Alikuwa amejenga lori. Injini mbele, mnyororo wa kuzungusha magurudumu ya nyuma, na ubavuni jina la Quimbell kwa rangi ya dhahabu, kazi ya mkono wa Philena mwenyewe.

Bwana Pruitt wa kiwanda cha siagi alilizunguka akinusa kama paka. "Pakia madumu yangu ya maziwa," alisema. "Panda kilima cha Cutler, ufike stesheni kabla ya treni ya jioni, maziwa hayajachacha. Ukiweza, malori yangu yote utajenga wewe. Ukishindwa, naagiza malori ya viwandani Detroit."

Na kila mtu alijua: Pruitt akiagiza Detroit, milango ya karakana inafungwa.

Ilikuwa Agosti ya ukame, vumbi mpaka kwenye nyusi. Philena alipanda pembeni ya mumewe, na kikapu cha mayai ya kuchemsha magotini. Hawajafika mbali, akasikia: kri, kri, kri.

"Mume wangu, unasikia?"

"Mnyororo huo."

"Mnyororo haulii hivyo. Mnyama wako ana kiu."

Ansel alishuka, akaishika spoku moja, mojawapo ya vijiti vya gurudumu la nyuma. Ikacheza mkononi kama jino bovu. Akakunja uso. Magurudumu aliyachonga kwa mikono yake. Ila kwa kiburi cha injini, hakuyalaza mtoni hata usiku mmoja, kama babu yake alivyofanya kila kiangazi.

"Kilimani yatavunjika," alisema kwa sauti ya chini.

"Basi, kijito kile pale."

"Philena! Lori jipya nilitie majini kama mkokoteni wa nyasi? Watu watasema nini?"

"Watasema. Kwani lini waliacha?"

Ansel akaliingiza. Maji yakafika katikati ya magurudumu, injini ikabaki kavu juu. Philena akavua viatu, akafunga pindo la gauni kiunoni, wakashusha madumu yote, wakayazamisha mpaka shingoni kwenye maji baridi. Kila baada ya muda Ansel alilisogeza lori kidogo, upande mkavu nao unywe. Kisha wakamenya mayai.

Hiram Stokes, mwendesha farasi, akapita darajani. "Ansel! Umelibatiza? Kwaya inaanza lini?"

"Hata lori hili likikushinda kwa kuimba, Hiram, wala si ajabu!"

"Nikuletee farasi, mzee?"

"Walete," Philena alimjibu, "nao wanywe kwa miguu!"

Hiram akacheka hadi kofia ikamdondoka, akaenda kuutangazia mji. Ansel masikio yalimwiva, lakini hakutoka majini. Alikaa hadi alasiri, akagonga spoku kwa nyundo ndogo: ko, ko. Kavu hulia kri, iliyoshiba hulia ko. Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Wakapakia. Hendeli ya kuwashia ikapigwa, injini ikanguruma, na kilima cha Cutler kikapandwa polepole, bila kri hata moja. Stesheni walikuta watu wamekuja kucheka. Treni bado ilikuwa inapiga honi ng'ambo ya bonde.

Pruitt akafunua dumu, akachota, akaonja. Akaonja tena. "Baridi," alisema. "Jua lote hili, maziwa baridi! Mmefanyaje?"

"Kitendawili," alisema Philena.

"Tega, bibie."

Philena akatega, na Hiram ndiye aliyekitegua, kofia mkononi.

Pruitt alitimiza ahadi yake, ila Quimbell walijenga malori miaka mitano tu. Viwanda vikubwa vilipokuja na bei zao, milango ikafungwa hata hivyo. Lakini nywele za Philena zilipokwisha kuwa nyeupe, bado alikaa barazani siku za kupeleka maziwa kulingoja lori moja. Jina la dhahabu lilikuwa limefifia, spoku ni zilezile za Ansel. Dereva alikuwa kijana asiyemjua, naye kila kiangazi alilisimamisha kijitoni kwanza.

"Linakunywa," Philena alimwambia jirani, kidevu juu. "La kwetu hilo."