Kijiti Shavuni

...na hajanyonya sana, alidokoa tu, maana Bosi alikuwa analia kikapuni mpaka watu wanageuka, mfugaji angefanyaje, akamsogeza kwa Mama Bosi palepale kwenye kiti cha nyuma cha gari, mtoto akanyonya mpaka akasinzia, na sasa daktari wa mifugo anazungusha kijiti cha pamba ndani ya shavu la mbwa huyo mdogo na kuuliza, "Ulimtenga na mama yake kama nilivyokwambia?" naye mfugaji kashajibu, "Ndiyo, daktari," bila hata kupepesa macho... daktari anaendelea, mate yanakwenda maabara, kama kasoro ile ya misuli kairithi kwa mzazi mmoja ataibeba tu bila kuugua, kama mama yake, tulishampima, ila akiirithi kwa wote wawili misuli italegea... mfugaji anasikia nusunusu, macho yake yako kwenye miguu ya nyuma ya Bosi, minene, ya kubonyeka, na ya kaka yake wa uzao uliopita ilikuwa hivihivi, mpaka asubuhi moja akashindwa kupanda kile kingazi cha jikoni, wakamcheka, eti mvivu huyo, kamrithi baba yake, walicheka jamani, na baadaye hata kichwa hakikunyanyuka kufikia bakuli, na siku ya sindano ya mwisho mfugaji alilia kama mtoto na haoni haya... na Bosi huyu ameahidiwa binti wa mdogo wake mfugaji, ambaye kashatandika blanketi lake mwenyewe sakafuni, "Mama mkubwa, nitamfundisha kupanda ngazi," ...ngazi tena... na shavuni humo kuna mate ya Bosi na kuna ya Mama Bosi, yaliyoganda chuchuni anapojilambalamba, maabara itasoma ya nani, pengine ya mama, na jibu la mama linajulikana, anabeba na haugui, jibu zuri, mtu angelala usingizi... alijua? pale garini, kikapu kikilia, alijua? ...alijua, ndiyo, si kilio kilichomshinda, alitaka mama amjibie mtoto, na binti apewe mbwa mwenye cheti safi, kisha asubuhi moja, jikoni kwao, acheke... Bosi anatafuna kijiti, mkia unapiga meza, daktari anamwambia, "Bado kidogo, mzee, vumilia," na mfugaji anamshika daktari kiwiko, taratibu.

"Kitupe hicho, daktari. Amenyonya njiani."