Piko na Mvua ya Irente

Mwaka aliopunguzwa kazi, Idrisa alikuwa na miaka hamsini na mitano. Akapaka nywele piko kuficha mvi, akavaa jinzi ya mtumba iliyombana pumzi, akaandamana na rafiki yake Mzee Timotheo, wa miaka sabini na minane, kupanda mlima wa Irente.

Njiani mvua ikanyesha, weusi ukamchuruzika Idrisa mpaka shingoni. Wanawake waliokuwa wakishuka na kabichi wakamkodolea macho.

"Shikamoo babu," mmoja alimwambia, akijizuia kucheka.

"Marahaba," Idrisa alijibu kwa shida. Walipopita akauliza, huku akihema, "Mzee, wewe huogopi uzee?"

"Niliuogopa mpaka nikachoka. Siku hizi natembea taratibu, na watu wakinicheka nacheka nao."

Idrisa alijifuta shingo, akatazama viganja vyake vyeusi, akaangua kicheko, kisha akaomba wapumzike kwenye jiwe kando ya njia. Timotheo akamwachia jiwe lote alikalie. Yeye hakuwa amechoka.