Ni Réseau Tu

Katika miaka yake yote ya ualimu, Mzee Mwenze hakupata kumwachilia mtoto mwongo. Aliyechelewa alimkaripia, aliyesahau somo alimrudisha akalisome. Lakini mwongo alisimama mbele ya wenzake mpaka kengele ya mwisho. Kwa hiyo siku alipoyasikia maneno “Ni réseau tu”, yaani ni mtandao tu unaosumbua, yakitoka kinywani mwake mwenyewe, akamwona rafiki yake Chishimba akiitikia kwa kichwa kwa kuyaamini, alijiona amesimamishwa mbele ya madarasa yote aliyowahi kufundisha.

Mambo yalianza kwa fahari. Mjukuu wake, Plamedie, aliyesomea kompyuta, alikuwa ametengeneza tovuti ya familia za parokia, zile ambazo mababu zao walitoka kaskazini mwa Katanga kuja kufanya kazi ya reli na migodi. Kila mzee alisimulia ya kwao, sauti yake ikanaswa kwa simu na kupandishwa humo. Plamedie alipoifungua tovuti kwa watu wote, ni Mwenze aliyesimama baada ya misa kuitangaza.

“Mjukuu wangu ameifunga vizuri ndani ya kontena, na kontena iko kwenye seva,” alisema, akiyarudia maneno ya kompyuta kama mtu aliyeifunga kwa mikono yake. “Simu zenu zikijaa, futeni. Kule ni salama kuliko mfukoni.”

Chishimba, mstaafu wa reli, simu yake ilikuwa imejaa. Alifuta. Mwenze mwenyewe ndiye aliyemwonyesha pa kubonyeza.

Alichokifuta kilikuwa sauti ya mkewe, Simone. Mama huyo alisimulia jinsi baba yake alivyoteremka kusini kutandika reli, kisha katikati ya maneno mazito akasita na kufoka: “Chishimba, funga mulango, baridi inaingia!” Watu waliosikiliza walicheka. Chishimba hakucheka, alirudia kusikiliza pale pale. Kipupwe kilipoanza, Simone akafariki.

Siku ya kuondoa matanga ikawadia, na familia ikaazimia sauti yake isikike mbele ya wageni wote, hata wale wa kutoka mbali, Kasomeno. Siku moja kabla, Mwenze aliifungua tovuti ili aone kama iko tayari. Chini ya picha yake paliandikwa: Mwenze, mwalimu.

“Plamedie! Mimi niko mwalimu tu?”

“Kambo,” alisema Plamedie, kama alivyozoea kumwita babu yake, “ni ka kosa kadogo. Nitarekebisha kisha matanga.”

“Kisha matanga bantu bote batakuwa bameshaona. Andika Directeur Honoraire. Leo.”

“Kambo, nisikie. Ile niliiandika mu programu yenyewe. Kwa kuibadilisha, natosha kontena ya zamani, natia ingine mupya. Unipe kesho, niangalie kwanza bintu byote byenye kuwa ndani.”

“Tangu lini cheo ya muntu inaomba kesho? Mu nyumba yangu kazi hailale.”

Plamedie alikuwa amelelewa na babu huyo. Hakujua namna ya kumkatalia. Alitengeneza kontena mpya, akaiweka mahali pa ile ya zamani, na ile ya zamani akaifuta. Cheo cha mkuu wa shule mstaafu kikatokea, kwa herufi nene. Mwenze akavaa miwani, akakisoma, akaridhika. Ndipo Plamedie alipobonyeza sauti ya Simone, na kialama cha kusubiri kikabaki kikizunguka bila kutoa hata pumzi.

Alibonyeza nyingine. Kimya. Akaketi chini.

Alimweleza babu yake polepole. Kontena hubeba programu pamoja na vyombo vyake vya kazi. Vitu ambavyo watu huongeza baadaye havina budi kuwekewa ghala nje yake, kwa maana siku kontena inapobadilishwa, ya zamani hutupwa na kila kilichomo. Maandishi waliyoleta watu alikuwa ameyawekea ghala. Sauti hakuziwekea, zilikuwa zikilala ndani, na yeye hakulitambua hilo.

“Nilizitupa, Kambo. Kwa mukono yangu.”

Wazee wengine wangeweza kusimulia tena. Simone alikuwa kaburini.

Kesho yake, uani kwa Chishimba, simu iliunganishwa na kipaza sauti. Watu walinyamaza. Kialama kikazunguka, kikazunguka. Plamedie akainuka, uso umempauka, akafungua kinywa. Mwenze akamtangulia.

“Ni réseau tu.”

Uwanja mzima ukashusha pumzi. Nani mjini Lubumbashi hajaangushwa na réseau?

“Réseau ya kwetu,” akasema Mama Christiane wa kwaya, “iko kama bwana mwenye kwenda Mokambo: ‘niko mu njia’, kumbe bado iko nakunywa bia!”

Wakacheka. Plamedie akaketi, akamtazama babu yake mara moja tu, kisha akatazama chini. Mwenze aliyajua macho yale. Ni macho ya mtoto aliyemwona mwalimu akiiba.

Tangu hapo Chishimba alikuwa akipita kila asubuhi.

“Jambo, Directeur. Réseau ilisharudi?”

“Bado.”

“Aksanti. Tutangoja.”

Neno lile Directeur lilimwingia Mwenze kama mwiba chini ya ukucha. Plamedie alikuwa ameacha kula naye mezani.

Kisha Mama Christiane akaja akicheka kwa huruma: Chishimba ameonekana chini ya mnara wa simu, amevaa koti lake la reli, ameinua simu juu, kwa kuwa kijana mmoja alimwambia réseau ya pale ina nguvu. “Na anasema, ikikatala pale, ataenda kujaribu Kasomeno!”

Mwenze hakungoja hata kuchukua fimbo yake ya kutembelea. Alimkuta rafiki yake ameketi juu ya tofali, mkono bado umeinuliwa.

“Chishimba, shusha mukono. Haiko réseau.”

“Iko nini?”

“Sauti ilishapotea. Kontena ilibadilishwa, ikaenda nayo. Mutoto aliomba kesho, mimi nilimukatalia. Nilitaka cheo yangu ionekane mbele ya bantu. Na mbele ya bantu nikakudanganya.”

Chishimba aliushusha mkono taratibu, kana kwamba una maji yasiyotakiwa kumwagika.

“Cheo iko pale sasa?”

“Iko.”

“Unisomee. Miwani yangu ilibaki ku nyumba.”

Mwenze aliipokea simu. Sauti iliyokuwa ikifika hadi dawati la mwisho sasa ilimfikia Chishimba tu: “Mwenze… Directeur Honoraire.”

“Inasomeka muzuri,” alisema Chishimba. Akachukua simu yake, akaondoka.

Mwenze alimfuata nyuma, kwa umbali wa mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Chishimba aliingia nyumbani mwake bila kugeuka, akauacha mlango wazi. Upepo wa Julai ukapita katikati yao na kuingia ndani. Mzee Mwenze alisimama kizingitini, mikono imening'inia. Aliyekuwa akiamuru mlango ule ufungwe hayupo tena, na yeye hakujiona ana haki ya kuugusa.