Sponji Safi Kupita Kiasi

Mimi na uchafu hatupikiki chungu kimoja. Katika kliniki ya meno ninakofanya kazi, hakuna koleo wala kioo kinachoingia kinywani mwa mgonjwa kabla ya kupita mikononi mwangu. Nakisugua, nakikausha, nakifunga kwenye mfuko wake wa karatasi, naandika tarehe na saini, kisha nakitia kwenye mashine ya mvuke kikachemke kwa nyuzi mia moja thelathini na nne. Wenzangu wananiita Mama Mvuke. Wanadhani wananitania, nami sijawahi kuona tusi ndani yake.

Daktari wetu, mama mmoja mpole asiyejua kukataliwa, aliamua chumba cha kungojea kiwe na tangi la samaki. Eti wagonjwa wakitazama samaki wanasahau sindano. Nikamwambia kwamba hata wakitazama mlango wanaisahau, maana wanatoka na hawarudi. Akacheka, na tangi likaja vilevile. Alipouliza nani atalitunza, nikamtaja baba yangu.

Baba alikuwa fundi bomba kwa miaka arobaini. Tangu mama afariki, miaka miwili sasa, anakaa kwangu, na amekuwa mpole mpaka ananitia hofu. Ukimpa chai iliyopoa, anakunywa. Ukikalia kiti chake, anahamia kingine bila neno. Na huyu ndiye mtu aliyegombana na mkandarasi mmoja mpaka mkandarasi akahama mtaa! Mimi nikiwa kazini, alikuwa akifungua mabomba mazima ya nyumba yangu na kuyafunga upya, apate la kufanya. Nimeoga kwa kopo wiki nzima kwa ajili ya bomba ambalo halikuwa na ugonjwa wowote. Kwa hiyo alipokubali kazi ya tangi nilimshukuru Mungu mara mbili, kwa ajili yake na kwa ajili ya bafu langu.

Muuza samaki, bwana mnene mwenye mikono ya shati iliyolowa daima, alileta samaki sita wadogo wenye michirizi.

"Mzee, tangi jipya ni nyumba isiyo na choo," alimwambia Baba. "Hawa wanakula, wanajisaidia, na uchafu wao unageuka sumu, inaitwa amonia. Huioni kwa macho, lakini inawachoma mashavu wasipumue. Sasa, kuna bakteria ambao chakula chao ni hiyo sumu. Bado hawajafika. Watakuja wenyewe, pole pole, wakae hapa kwenye sponji ya chujio. Wape wiki sita."

"Na wiki hizo sita samaki waishije?" Baba aliuliza.

"Hiyo ndiyo kazi yako. Chakula kidogo tu, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Kila asubuhi pima maji kwa haya matone. Yakiwa manjano, lala usingizi. Yakiwa kijani, toa robo ya maji utie mengine, yaliyolala ndooni mpaka dawa ya maji ya bomba itoke. Na sponji usiisafishe. Ikiziba kabisa, ikamue kwenye maji ya tangi lenyewe, basi."

Kusikia bakteria wakisemwa kwa mapenzi namna ile ndani ya kliniki yangu kulinishinda. Nilitoka nje kupunga hewa.

Baba alilishika tangi kwa mikono miwili. Alianza kupiga pasi shati. Alifika kazini kabla ya Daktari, akapanga ndoo zake ukutani, akanunua daftari la kuandikia rangi ya maji. Aliwaeleza habari za amonia wagonjwa waliovimba mashavu, ambao hawakuweza kumjibu wala kumkimbia. Wiki ya tatu kijani kilianza kupungua, na jioni ile mezani aliniambia mchuzi wangu hauna chumvi. Moyo wangu ulijaa furaha, ingawa chumvi ilikuwamo.

Ijumaa ya wiki ya nne goti lilimsumbua, akaenda nyumbani mapema. Nami, nikifunga madirisha, nikaiona ile sponji kupitia kioo. Ilikuwa ya kahawia, ina utelezi, inaning'inia nyuzinyuzi. Nikajiambia, tangu lini mtu akafa kwa usafi? Baba anazeeka, haoni vizuri, ngoja nimsaidie. Niliitoa nikaiosha kwa sabuni mara tatu. Nikaifunga kwenye mfuko, nikaandika tarehe na saini, nikaitia kwenye mashine. Kwenye kitabu cha kazi, kati ya koleo nne na vioo kumi na viwili, niliandika kwa mwandiko mzuri: sponji moja. Ilitoka imesinyaa kidogo lakini inang'aa, nikairudisha mahali pake, nikaenda zangu nyumbani nikijiona nimetenda wema.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilivunjika Jumatatu. Samaki wote sita walikuwa juu ya maji wakitweta, midomo wazi. Baba akadondosha matone yake kwenye kichupa. Maji yakawa kijani kama mchicha.

"Ni mimi," alisema. "Alhamisi niliwaongezea chakula. Niliona kama wananiomba."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mdomo niliufungua kabisa, na kilichotoka ni hiki: "Labda ni hali ya hewa, Baba."

Alibadilisha maji asubuhi, akabadilisha tena mchana. Jumanne mdogo wao alikufa, na mwingine akaanza kuogelea upande upande kama mlevi. Jumatano asubuhi Baba hakupiga pasi shati. Alisukuma chai yake kando, akasema kwa ile sauti yake ya upole niliyokuwa nimeanza kuisahau, "Samaki wanataka mtu mwenye akili iliyotulia. Ijumaa nitamwambia Daktari atafute mwingine. Mimi nimechoka, mwanangu."

Chakula cha mchana sikukila. Nilikimbia kwa muuza samaki nikamweleza ukweli wote.

"Mashine ya mvuke?" aliuliza. Kisha akageuka akamwita mkewe aliyekuwa nyuma ya duka. "Mama, njoo umsikie huyu!"

Mkewe akaja. Nikalazimika kurudia tangu mwanzo, pamoja na sabuni. Walishikana mabega wakacheka mpaka mteja mmoja akaweka kopo lake chini akasogea asikie. Walipomaliza, yule bwana alitia mkono kwenye tangi lake kuukuu la miaka minane, akatoa sponji nyeusi inayonuka bwawa.

"Hii ina bakteria wa kutosha mtaa mzima," alisema. "Usiikaushe, usiioshe, na usiitazame kwa jicho baya. Peleka sasa hivi."

Sikuwa na pa kuitia ila bakuli langu la chakula. Nilikaa kwenye basi na kitu kile mapajani, maji meusi yakichuruzika kwenye sare yangu nyeupe, nikajikaza kisabuni. Njia nzima nilikuwa nikipiga hesabu. Ningeweza kuitumbukiza kimya kimya Baba akiwa msalani. Samaki wangepona. Lakini yeye angebaki akiamini kwamba mkono wake umekufa, angerudi kwenye kile kiti cha nyumbani, na kutoka pale sikujua ningemtoa kwa kitu gani tena.

Nilimkuta ameketi mbele ya tangi, na wagonjwa watatu nyuma yake. Nikapiga moyo konde.

"Baba, si wewe. Ni mimi. Ile sponji niliichemsha."

"Umeichemsha vipi?"

"Kwenye mashine. Ijumaa. Baada ya kuiosha."

"Kuiosha na nini?"

"Sabuni, Baba. Mara tatu."

Alisimama, na goti halikumsumbua hata kidogo.

"Wewe mtoto una wazimu?" Sauti ilipiga dari. Daktari alichungulia mlangoni na kifaa mkononi, mgonjwa wake nyuma akiwa bado ameachama. "Wiki nne nalea bakteria kama vifaranga, wewe unawapika! Siku tatu nimeshika tama mbele yako, unaniambia hali ya hewa! Hali ya hewa gani ndani ya tangi? Kuna mvua humo? Huyo ni mama yako huyo! Alisugua sufuria zangu mpaka zikatoboka, akakufundisha na wewe!"

Mama! Tangu tumzike hakuwahi kumtaja hata mara moja. Nilisimama pale nikigombezwa mbele za watu, mwanamke mwenye watoto wawili wanaosoma sekondari, na nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Machozi yalinitoka na kicheko kikanitoka pamoja nayo.

"Unacheka nini?"

"Sicheki, Baba."

"Lete hiyo takataka. Kwa mkono! Sitaki kuona glavu."

Nikatia mkono mtupu kwenye bakuli, tope likanipenya kati ya vidole, nikampa. Akaipachika kwenye chujio taratibu, kwa ncha za vidole, huku akiendelea kunitukana kwa sauti ya chini.

Ijumaa maji yalikuwa katikati ya kijani na manjano. Samaki watano walikuwa wakiogelea wima, na yule mlevi ndiye aliyekuwa akiwafukuza wenzake. Daktari alikuja akainama kando ya Baba.

"Mzee, nilisikia ulitaka kuniaga leo. Ni kweli unaacha?"

"Niache?" Baba alinikata jicho kutoka juu mpaka chini. "Nimwachie nani hawa viumbe? Huyu?"

Kisha akanipa ndoo, akaniambia nisiiguse kwa ndani kwa mikono yangu ya sabuni.