Mkataba wa Muhindi

Jumamosi baada ya soko, Cornelia alifuta meza ya barazani, akaweka muhindi wa kuchoma kwenye sahani. Mwalimu Gaudensi alitandaza mchezo: karatasi ya manila aliyoichora mwenyewe, Sumbawanga katikati, Mwimbi upande mmoja, Kipili ziwani. Askari wake walikuwa maharage, wa Cornelia karanga, wa Tereza punje za mahindi. Wawili waliopatana waligawana muhindi mmoja, na hawakuruhusiwa kushambuliana mpaka punje zote zitoke.

Kilichotekwa mezani kilihama. Mwezi uliopita Gaudensi alishinda kilima cha Mwimbi, na asubuhi kilikuwa nyuma ya nyumba yake. Mkewe alilalamika kwamba nguo hazikauki.

Tereza alikuwa amebakiwa na zizi na kijito. Ng'ombe wake na watoto wake walikunywa hapo, na kisima cha jirani kilikuwa kimekauka. Angeacha kucheza, lakini asiyekuja alichezewa na wenzake, na walimchezea vibaya. Kwa hiyo alipoketi tu, alipatana na Cornelia. Cornelia alitafuna upande wake upesi. Tereza alibakiza mistari miwili, akaifunika kwa kiganja.

"Mbona huli, Mama Sayi? Meno yanauma?" Gaudensi alimuuliza Tereza.

"Nimeshiba, Mwalimu. Cheza."

"Msukuma ameshiba nusu muhindi! Leo itanyesha."

Cornelia alikwenda jikoni kuleta chai. Gaudensi alimfuata kumsaidia kubeba chupa moja. Walikawia. Tereza alisikia minong'ono, akapanga upya punje zake, akazipanga tena.

Waliporudi, maharage yalianza kushuka kutoka Kipili kuelekea kijito. Tereza aliweka askari wake wote, hawakutosha. Akapukuchua muhindi wa kuchoma, punje moja baada ya nyingine, akaziba ukingo wote wa upande huo. Maharage yakasimama.

"Umeniweza," alisema Gaudensi, akamimina chai.

Cornelia aliliokota gunzi, akaligeuzageuza.

"Muhindi umeisha, dada."

"Sijala! Punje si hizi hapa, mnaziona?"

"Sheria inasema zikitoka. Haikusema ziende tumboni."

Gaudensi alikubali kwamba sheria ndivyo ilivyo. Cornelia akapanga karanga zake ng'ambo ya pili, ambako Tereza hakuwa ameweka mtu.

Kijito kiliondoka chai ikiwa bado ya moto. Kilipanda barabara pamoja na vyura wake, bodaboda wakasimama kukipisha, kikakata kona kanisani na kuteremka shambani kwa Cornelia. Yeye alitoka na jembe kukionyesha pa kupita kisibomoe matuta.

Jioni Tereza alipiga hodi na ndoo.

"Chota tu, dada, maji ni ya Mungu," Cornelia alisema. "Ila ng'ombe wabaki nje ya uzio."

Ng'ombe walibaki nje, wakisikiliza.

"Mlipatana jikoni?"

"Jamani, si mchezo tu?" Cornelia alimtwisha ndoo, akamrekebishia kata kichwani. "Jumamosi uwahi. Tukiwa wawili haunogi, hakuna wa kuungana dhidi yake."

"Nije na nini? Sina kitu tena pale mezani."

"Unalo zizi," alisema Cornelia, akamfungulia geti.