Mistari Mitatu ya Lowell Prater

Lowell Prater alikuwa amesaka vipaji vya mpira wa kikapu kwa miaka ishirini na saba, na muda wote huo hakuwahi kuomba neno lake lifutwe. Wasaka vipaji hawana desturi hiyo. Wanakosea kila mwaka, tena wanakosea vibaya, kisha wanavaa kofia zao na kupanda ndege kwenda kukosea kwingine.

Lakini asubuhi ile ya Juni, katika chumba cha mikutano cha klabu yake kule Pittsburgh, alikuwa amefika na ombi. Jioni ligi ingefanya uchaguzi wake wa mwaka, ambapo timu huchukua vijana wapya kwa zamu, na zamu yao ilikuwa ya kumi na mbili. Walihitaji fowadi. Ubaoni yalibaki majina mawili, kila moja kwenye kibao chake cha sumaku: Brandt Lindqvist wa Minnesota na Tavaris Mayfield wa Tolliver, Mississippi.

"Mimi nasema Lindqvist," alisema kocha Rudd, mdomo umejaa donati. "Anatupia kutoka mbali, anasikia anachoambiwa, basi. Huyu Mayfield mwili anao, mikono anayo, lakini mvivu."

"Nani kakwambia mvivu?" Lowell aliuliza.

"Aa, mzee, hilo nani halijui?"

Gwen Halloran, meneja mkuu, aligonga meza kwa kalamu wanyamaze. Alikuwa mwanamke wa haki, na alikuwa na utaratibu wake: kabla ya kuamua, husoma kwa sauti ripoti ya kwanza kabisa iliyoandikwa juu ya kila mchezaji, ili watu wakumbuke safari ilianzia wapi. Alisoma ya Lindqvist. Kisha akafungua ya Mayfield, ya miaka minne iliyopita, kijana akiwa bado sekondari.

"'Mvivu. Harudi kukaba. Kichwa hakipo uwanjani.'" Alivua miwani. "Imeandikwa na L. Prater."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Kocha alimpigia makofi. "Nani kakwambia, nani kakwambia! Si wewe mwenyewe?"

Lowell hakucheka. "Ndiyo hiyo nataka ifutwe," alisema. "Nilikosea."

Akawaeleza. Mwezi Aprili alikwenda Tolliver kumtembelea mama wa kijana, kama wanavyofanya kila mwaka kabla ya uchaguzi. Bi Odessa Mayfield alimkaangia kambare, akamkatia mkate wa mahindi, akamwambia, "Nilijua tu utarudi." Lowell alidhani ni ukarimu wa watu wa kusini. Alipoinuka kuchukua maji, aliona karatasi ya ibada ya mazishi kwenye mlango wa friji. Dontrell Mayfield, miaka kumi na tisa. Chini yake palikuwa na tarehe na saa. Lowell ni mtu wa tarehe; daftari zake zote amezipanga kwa tarehe, na ile aliijua. Kijana alimzika kaka yake saa tano asubuhi. Saa moja jioni, siku hiyo hiyo, aliingia uwanjani kwenye mechi ya mashindano, na yeye Lowell akakaa safu ya tatu akaandika kwamba ni mvivu.

Kocha aliiweka donati yake chini.

"Maskini ya Mungu," alisema Gwen, na alimaanisha. "Lakini Lowell, hiyo ni siku moja. Baada ya hapo tuna ripoti kumi na nne kutoka kwa watu tofauti, na zote zinasema hivyo hivyo."

"Kwa sababu walinakili! Gwen, wewe unatujua. Tunakaa safu moja, tunakula pamoja, tunaazimana hata kalamu. Mmoja akisema kijana mvivu, wengine tunamkodolea macho mpaka na sisi tuuone huo uvivu. Mayfield akishika kiuno sekunde mbili, tunaandika amechoka. Lindqvist akishika kiuno, tunaandika anausoma mchezo."

"Kwa hiyo watu kumi na nne ni vipofu, na wewe ndiye uliyewashika mkono?" Kocha aliuliza.

"Ndiyo."

"Unajipa ukubwa, mzee wangu."

"Nimetazama upya mechi zake zote za chuo, mechi sitini na moja. Kijana anarudi kukaba, Rudd. Anarudi kila mara."

"Umetazama ukitaka kumwona anarudi," alisema kocha, bila ubaya wowote.

Neno hilo lilimchoma Lowell. Lilikuwa neno lake mwenyewe, amerudishiwa.

Gwen alivaa tena miwani. "Ulipoandika vile ulikuwa na uhakika," alisema taratibu. "Leo pia una uhakika. Sasa nimwamini Lowell yupi? Yule alikuwa anatazama mpira. Wewe umetoka kutazama friji ya mama wa watu, na roho inakuuma."

"Inaniuma, sikatai."

"Siwezi kuchagua mchezaji kwa sababu roho inakuuma."

Aliinuka mwenyewe, akakichukua kibao cha Lindqvist na kukibandika juu kabisa. Cha Mayfield alikisogeza pembeni, polepole, kama mtu anayehamisha sahani ya mgeni ambaye hakufika. Kila mtu alikuwa na sababu nzuri mle chumbani. Hata Lowell, angekuwa kwenye kiti cha Gwen, angefanya vile vile, na kujua hivyo hakukumpunguzia chochote.

Jioni majina yalisomwa, yote sitini. Tavaris Mayfield hakuwemo. Kila timu ilikuwa na chumba kama kile na ubao kama ule, na Lowell hakuwa na shaka kwamba karibu katika kila chumba kulikuwa na mtu aliyesema kijana mvivu bila kukumbuka aliyemwambia ni nani.

Kesho yake, baada ya chai, alifungua daftari lake kwenye ukurasa ule, akapiga simu Tolliver. Alipokea Tavaris mwenyewe.

"Bwana Prater! Mama, ni Bwana Prater!" Sauti ilikuwa ya mtu ambaye hajalala lakini hataki kuonekana hivyo. "Asante kwa kupiga. Wengine wote wamenyamaza kabisa."

"Tavaris, nina neno nataka kukwambia. Kuhusu ile mechi ya kwanza niliyokuona."

"Siku ya Dontrell."

Lowell alishika ukingo wa meza. "Unaikumbuka?"

"Mechi yenyewe siikumbuki hata kidogo. Sikutaka kucheza, unajua? Nilishamwambia kocha wa shule. Lakini Mama alisikia kuna mtu wa timu kubwa amepanda ndege kuja kuniona mimi. Akasema mtu hawezi kutoka mbali namna hiyo akaondoka mikono mitupu, hata kaka yako asingekubali. Nikavulia suti kwenye gari. Mama aliketi upande wa pili, akawa anakutazama wewe badala ya mpira. Anasema ulikuwa unaandika, unaandika tu. Akaniambia, mwanangu, mtu haandiki hivyo kama hajaona kitu. Jambo hilo lilimsaidia sana mwaka ule. Sasa nimetaka kukuuliza muda mrefu, nikaona haya. Nilicheza vipi?"

Machozi yalimtoka Lowell, na hakuyafuta. Angeweza kudanganya, ingekuwa rahisi. Lakini uongo mwingine juu ya mtoto huyu asingeuweza.

"Niliandika kwamba wewe ni mvivu," alisema. "Niliandika hutaki kurudi kukaba na kichwa chako hakipo uwanjani. Sikujua, mwanangu. Sikuuliza mtu yeyote. Na wenzangu wote wakaliamini neno langu, mpaka jana. Nisamehe."

Kwa mbali alisikia maji yakifungwa kwenye sinki, kisha hatua za mwanamke zikisogea.

"Anasemaje?" Bi Odessa aliuliza. "Tavaris? Anasema nini?"

Kijana alivuta pumzi ndefu.

"Anasema siku ile nilicheza vizuri, Mama."